Singlendi niliyoificha chini ya godoro

Niliificha upande wa ukutani, nikatandika shuka juu yake na kukaza pembe. Jumatatu nilipoivaa ilikuwa nyeupe. Jumatano usiku nilipoivua, kwapani na kifuani palikuwa na rangi ya chungwa lililoiva, na mgongoni kulikuwa na mfereji mrefu wa rangi hiyohiyo, pale jasho linapoteremkia. Niliinusa, haikunuka damu wala kutu. Nikaitia kwenye beseni usiku uleule, nikaifikicha kwa sabuni ya kipande. Rangi ikapungua, haikwisha. Nikaamini mwili wangu umeanza kuoza kwa ndani.

Mimi ni mjukuu wa dobi. Nimelelewa Ngamiani, kwenye nyumba ambayo uani kwake ukipita lazima uinamie kamba za nguo. Bibi alianza kuwafulia watu kabla mama yangu hajazaliwa: kanzu za Ijumaa, sare za wauguzi, mashati ya makarani wa reli, ovaroli za vijana wa mkonge zilizokuwa zikituwasha mikono kwa maji ya majani yale. Nilikuwa nikijua kutoa wino, utomvu wa ndizi, mafuta ya nazi, hata hina nikiiwahi. Doa lililotoka kwenye ngozi yangu mwenyewe ndilo sikulijua.

Ulikuwa mwezi wa pili, kaskazi imekaza. Anayeijua Tanga anaujua mwezi huo. Hewa imejaa maji ya bahari kiasi kwamba jasho halipati pa kukaukia, linabaki mwilini mpaka nguo ilinywe. Watu wa bara wakija kwetu hudhani wanaumwa. Na mimi kweli nilikuwa naumwa: nilikuwa wiki ya pili ya dawa za kifua kikuu, na nyumbani hakuna aliyejua. Niliwaambia ni kifua cha kawaida, nimepewa vidonge vya kikohozi. Kwenye baraza zetu jina la ugonjwa ule halitajwi kwa sauti, hunong'onwa, na likishanong'onwa kikombe chako huanza kuwekwa kando. Kwa hiyo nilikuwa nameza vidonge vyangu kabla ya adhana ya alfajiri, gizani, kisha najifanya nimeamkia kuteka maji.

Aliyenipa vidonge siku ya kwanza aliniambia mkojo utakuwa mwekundu, nisishtuke. Mkojo nilishaukubali. Kuhusu jasho hakusema neno, na foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Nami sikuuliza.

Nikaacha vidonge. Siku ya kwanza rangi ikafifia, siku ya pili ikawa kama maji ya chai yaliyochujwa mara mbili, siku ya tatu singlendi ikatoka safi. Nikaona nimejiokoa. Hapo ndipo hatari ilipokaa, kwa sababu kila nilichokiona kwa macho kilinithibitishia kwamba dawa ndiyo inayoniharibu. Laiti ningekuwa naishi peke yangu, ningeendelea hivyo mpaka kifua kinirudie kwa nguvu.

Bibi ana desturi ya kuanika magodoro Jumamosi. Niliporudi kutoka soko la Mgandini nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake uani, singlendi ameitandaza mapajani, amevaa miwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hili umelitoa wapi?"

"Sijui, bibi."

Hakunigombeza. Aliinyanyua kwenye mwanga kama anavyofanya kwa nguo ya mteja. "Si damu hii. Damu hukauka ikawa kahawia, na katikati ya doa pakawa pazito. Hili limeenea, limefuata njia ya jasho. Hina haiendi mgongoni. Kutu hutoboa nguo." Akaishusha. "Umejipaka nini?"

"Sijajipaka kitu."

"Umevaa nini juu yake?"

"Gauni langu la kijivu, halitoi rangi."

"Basi umemeza nini?"

Sikuweza kumjibu. Nililia, na nilipolia nikajipangusa kwa mkono, nikakumbuka kwamba siku zile nilipokuwa nameza hata machozi yalinibakishia alama kwenye foronya. Nikamweleza yote. Alinyamaza kwa muda, akauliza siku ngapi sijameza. Nilipomwambia tatu, alisimama akaniambia nivae, twende.

Safari hii tulimkuta muuguzi mtu mzima, wa rika la mama yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua kidonge kimoja, akakikwangua gamba, akakitia kwenye kikombe cha maji na kukoroga. Maji yakageuka. Ilikuwa rangi ileile ya singlendi.

"Hii ndiyo rangi yako, binti," alisema. "Si nyongo, si damu, si ini."

Dawa yenyewe inaitwa rifampisini, na unga wake kwa asili ni mwekundu kama tofali la kuchoma. Ukiimeza, ini hushughulika nayo, sehemu kubwa hutoka kwa nyongo na choo, nyingine kwa mkojo, na kiasi kidogo hupenya kwenye mate, makohozi, machozi na jasho. Haigeuki kuwa kitu kingine cha kutisha, ni rangi yake tu inasafiri nayo. Ndiyo maana wanaovaa lenzi laini za machoni huambiwa waziweke kando wakati wa matibabu, maana zikishika ile rangi haziachii. Na kuna jambo jingine alilonieleza ambalo kila mwanamke anayeanza dozi ile anapaswa kulijua: vidonge vya uzazi wa mpango hupungua nguvu ukivimeza pamoja na rifampisini, kwa hiyo aongee na muuguzi apewe njia nyingine.

Kuhusu doa hakunilaumu hata kidogo. Kuhusu zile siku tatu alinisema, na alinisema mbele ya bibi. Miezi miwili ya mwanzo dawa ni nne ndani ya kidonge kimoja, minne inayofuata ni mbili, jumla miezi sita, na rifampisini imo mwanzo mpaka mwisho. Ukikatiza, vijidudu vilivyobaki huzoea dawa, na kifua kikuu sugu kina matibabu mazito kuliko haya. Akamgeukia bibi, akamuuliza kama anaweza kuwa msimamizi wangu. Kuanzia kesho yake bibi alikuwa akiamka kabla yangu, ananiwekea glasi ya maji mezani, anasimama pale pale mpaka nimeze na kufungua kinywa aone.

Miezi ile nilivaa fulana nyeusi na za bluu iliyoiva, na zile nyeupe mbili nilizokuwa nazo nilizitenga ziwe za kulalia. Niligundua nikiitia nguo kwenye maji baridi palepale ninapoivua, rangi inatoka karibu yote. Nikiiacha ikauke usiku kucha, hainitoki tena. Nilimaliza dozi kabla ya vuli. Jasho langu lilikuwa limerudi kuwa maji.

Bibi alipochoka mgongo mimi ndiye niliyeshika beseni, na nguo nilianza kuzitazama kwa jicho jingine. Kila wiki napokea makwapa. Nasema makwapa kwa sababu mteja akileta shati jeupe la kazi huligeuza ndani nje kwa aibu, anionyeshe pale chini ya mkono palipokuwa njano na pakakakamaa kama karatasi. Karibu wote husema maneno yaleyale: "Dada, jasho langu chafu." Nawajibu kwamba jasho halina rangi, na nayasema haya nikiwa na hakika nayo.

Mwili una tezi za jasho za aina mbili. Zile za kupoza joto zimetapakaa kila mahali, zinahesabiwa kwa mamilioni, kati ya 2 na 4, na jasho lake ni maji na chumvi. Hilo likikauka kwenye nguo nyeusi huacha ramani nyeupe, mnaiona migongoni mwa waendesha bodaboda. Aina ya pili zinakaa zaidi kwapani, kinena na kwenye chuchu, huamka mtoto anapobalehe, na jasho lake ni zito kidogo, lina mafuta na protini. Likitoka halinuki. Bakteria wa kwenye ngozi wakishalila ndipo kikwapa kinapoanza. Lakini hata hilo peke yake haligeuzi shati kuwa njano namna ile kwa haraka.

Kinacholigeuza ni dawa ya kwapa. Zile za kuzuia jasho, si za kunukia tu, zina chumvi za alumini ambazo huziba vinyweleo. Alumini ile ikikutana na protini na mafuta ya jasho kwenye pamba, vinashikana, vinakaa kwenye uzi, vinazidi njano kila vikipigwa pasi. Nimewahi kuwaambia hivi wazee wanaotumia shabu, ile ya jiwe wanayopaka vinyozi, wakakataa wakisema shabu ni kitu cha asili. Ni cha asili, lakini nayo ni chumvi ya alumini.

Wateja wangu wengi huwa wameshajaribu klorini kabla ya kuniletea. Naelewa, tangazo linasema nyeupe. Klorini kwenye doa la jasho huzidisha njano, maana hugombana na protini iliyobaki kwenye uzi. Kama maji ya kisima chenu yana chuma, klorini huleta pia madoadoa ya kahawia nguo nzima. Mimi huloweka kwapa kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji, nusu saa hivi, kwa kuwa tindikali hulegeza alumini. Kisha nasuuza vizuri kabisa, nafikicha kwa sabuni na mswaki laini, natazama. Pakibaki njano kwenye pamba nyeupe, namiminia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, naiacha kidogo, nasuuza tena. Naanika juani. Pasi haigusi mpaka nihakikishe doa limekwisha, maana moto hulipikia humohumo.

Ndimu nayo yafaa badala ya siki, ila kuna jambo linanibidi nilieleze lilivyokuwa. Mwaka wangu wa kwanza peke yangu, nilikuwa na kanzu sita za msiba zinazotakiwa kesho yake, nikaona klorini na ndimu vikiwa pamoja vitafanya kazi haraka. Nilikamua ndimu ndani ya beseni lenye klorini. Ulipanda moshi usioonekana, koo likabana, macho yakawaka, nikatoka uani natambaa. Ile ni gesi ya klorini, inaua watu ndani ya vyumba visivyo na madirisha. Kwa mtu aliyewahi kuugua mapafu kama mimi ilikuwa usiku mrefu wa kukohoa. Klorini haichanganywi na siki, wala ndimu, wala dawa ya choo, wala mkojo. Nimeiandika kwa mkaa ukutani juu ya bomba, na watoto wa jirani wanaokuja kuteka maji wanaisoma.

Nguo iliyonifundisha zaidi baada ya ile singlendi ilikuwa kanzu ya bwana harusi. Ililetwa Jumatatu baada ya harusi, na mama mzazi wa kijana, mtu wa heshima zake, aliomba tuongee faragha. Shingoni na kwapani kanzu ilikuwa na unjano mkali. Alisema jasho la mwanawe limegeuka, na mtu amemwambia ni ini, na mwingine amemwambia ni mkono wa mtu. Nilimuuliza macho ya kijana yakoje. Ini likileta manjano, weupe wa jicho ndio unaoanza kugeuka, kabla hata ngozi haijaonekana. Akasema meupe kama maziwa. Nikaanza kulowesha.

Sabuni ilipogusa lile doa, likawa jekundu. Jekundu la damu kabisa, likienea kidoleni mwangu. Yule mama alipiga ukemi, akakaa chini kwenye maji. Na mimi moyo ulinidunda, nisiseme uongo. Kisha nikakumbuka kidonge ndani ya kikombe. Nikachukua ndimu, nikakamulia tone moja juu ya wekundu. Ukarudi njano. Nikapaka sabuni, ukawa mwekundu. Ndimu, njano.

"Mama," nikamuuliza, "bwana harusi alisuguliwa singo?"

Alisuguliwa, siku tatu, na mashangazi zake, na singo ile ilikuwa na manjano mengi kwa sababu walitaka ang'ae. Manjano ile ya mchuzi. Rangi yake ikikutana na sabuni hugeuka nyekundu, ikikutana na tindikali hurudi. Ilikuwa imeingia kwenye ngozi, na jasho la siku ya harusi likaitoa taratibu ikaingia kwenye kanzu. Manjano pia haiwezi kustahimili jua. Nilifua nikaitandaza kanzu ile juani siku mbili, nikiigeuza, na jioni ya pili unjano ulikuwa umekwenda. Yule mama alishaanza kutafuta mtaalamu wa kuzindua nyumba. Pesa hizo zilinunua sukari.

Tangu hapo nauliza kwa utaratibu wa bibi, na mara nyingi jibu limo humo. Kijana aliyetoka Mkwakwani kutazama mpira na jezi nyekundu mpya, akakuta singlendi imekuwa ya waridi: jezi ilitoa rangi. Binti mwenye alama ya kijani kifundoni na kwenye mkono wa blauzi: bangili ya shaba, jasho na chumvi yake huila shaba ikatoa ukijani. Waliofanya kazi kwenye vumbi la shaba wamewahi kuonekana na jasho la rangi ya bluu kwa sababu hiyohiyo. Mzee mmoja aliyekuwa akitibiwa ukoma aliniletea mashuka yenye wekundu-wekundu. Kwenye dawa zake kulikuwa na rifampisini niliyoifahamu, na klofazimini, ambayo nayo ina rangi na huitia hata ngozi weusi-wekundu unaopungua polepole baada ya dozi.

Mdogo wangu wa kiume alinichelewesha. Fulana zake zilikuwa na unjano mbichi kwapani kila siku, hatumii dawa ya kwapa, hamezi kitu, na nguo hazitoi rangi. Nilimwambia anyooshe mkono. Malaika ya kwapa yalikuwa yamevikwa vijipumba vya njano, kama yamepakwa nta. Ni bakteria, wanajenga juu ya unywele, na rangi yao mara nyingi ni njano, mara chache nyekundu au nyeusi. Kunyoa kulimaliza robo tatu ya tatizo, na kwenye duka la dawa walimpa ya kupaka. Alikuwa ameshakaa miezi akikataa kuvua shati mbele ya wenzake pale Raskazone wanapokwenda kuogelea.

Lipo pia jasho linalotoka na rangi yake kweli kutoka kwenye tezi. Hilo ni nadra, na kwangu halijawahi kufika. Daktari wa ngozi niliyemuuliza alinieleza kwamba kwenye tezi zile za pili hukusanyika chembe za rangi ziitwazo lipofusini, jasho likatoka njano, kijani, bluu au jeusi, hasa kwapani, kwenye chuchu na mashavuni. Haliui. Kuna krimu ya kiini cha pilipili ambayo wengine huwasaidia kulipunguza. Kwa hiyo mtu akimaliza maswali yote, amebadili nguo, ameacha kupaka, na bado kitambaa cheupe kikipanguswa kwenye ngozi safi kinatoka na rangi, hapo mimi humwambia aende kwa daktari. Na jasho likiwa na rangi pamoja na macho kuwa manjano, homa, au damu kwenye makohozi, asipite kwangu kwanza.

Mwaka jana, mwezi wa kwanza, alikuja kijana na mfuko mweusi umefungwa mafundo mawili. Aliuweka chini, akasema ni rangi ya ukutani, alikuwa anamsaidia fundi. Nilifungua. Shati jeupe, kwapani, kifuani, na mfereji mgongoni. Wateja wengine wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi, kwa hiyo nilifunga mfuko, nikamwambia rangi hiyo naijua, apite jioni.

Alipokuja nilikuwa peke yangu na bibi, naye bibi siku hizi hasikii vizuri. Nilimwambia, "Mdogo wangu, shati kama hili nililivaa miezi sita. Lako ni mwezi wa ngapi?"

Alitazama mlango. Kisha akaketi kwenye kigoda.

"Wa pili, dada. Lakini juzi na jana sijameza."

Bibi, ambaye hatukudhani amesikia, aliinuka akaenda kuchota glasi ya maji.

"Vidonge unavyo hapo?" akamuuliza.

Alikuwa navyo mfukoni. Bibi alisimama mbele yake mpaka alipomeza, akamwambia afungue kinywa. Kisha tukapanga naye asubuhi twende wote kliniki akaseme zile siku mbili, na shati nikaliacha kwenye maji baridi usiku ule.

Alilichukua Ijumaa, kabla ya swala. Chini ya mkono wa kulia palibaki kivuli hafifu, ambacho asiyejua hawezi kukiona. Nilimwonyesha, kwa sababu kazi yangu sifichi. Akakitazama, akalivaa palepale uani juu ya fulana yake nyeusi, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akatoka kuelekea msikitini.